Nani Husikia Maneno? Mhakiki, Msikilizaji na Albamu za Singeli Zilizotolewa Kampala

Ikisiri

Mjadala juu ya nani aaminiwe katika kuzitambua albamu mpya, mhakiki wa kitaaluma au msikilizaji wa kawaida, huendeshwa kana kwamba wote wawili wamesikia kitu kimoja. Makala haya yanaitilia shaka dhana hiyo kwa kuziangalia albamu za singeli zilizotolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kuanzia mwaka 2017. Inadaiwa kwamba mhakiki anayeandika kwa Kiingereza amesikia mwendo bila maneno, mhakiki wa Kiswahili wa vyuoni amezoea kusikia maneno bila mwendo, na msikilizaji aliyesikia vyote viwili hana mahali pa kuiweka hukumu yake. Athari za hali hiyo kwa sera ya Kiswahili nchini Uganda zinajadiliwa kwa kurejelea mazingira ya Kyambogo.

1.0 Neno moja, masikio mawili

Jina la lebo hiyo, ambalo pia ni jina la tamasha lake la kila mwaka, husikika kwa namna mbili. Waandaaji wamelieleza mara nyingi kwa Kiganda, kwamba ni ile hamu ya ghafla isiyozuilika ya kuinuka na kucheza. Msemaji wa Kiswahili kutoka Mombasa au Dar es Salaam halisikii hivyo. Kwake neno hilo ni la ashiki, na halitamkwi mbele ya wakwe. Septemba 2018 Waziri wa Maadili na Uadilifu wa Uganda, Simon Lokodo, alitangaza kulipiga marufuku tamasha hilo, kisha likaruhusiwa kwa masharti. Septemba 2022 Bunge lilijaribu tena, na tamasha likaruhusiwa tena kwa masharti. Sababu zilizotolewa zilihusu maadili kwa jumla, si kamusi. Hata hivyo, miezi miwili tu kabla ya jaribio hilo la pili, Julai 2022, Baraza la Mawaziri lilikuwa limeidhinisha Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nchi na kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Nchi iliyokuwa inajiandaa kuwafundisha watoto wake wote Kiswahili ilikuwa na lebo ya muziki ambayo jina lake lingewafanya walimu wa lugha hiyo wainamishe vichwa.

Tofauti hiyo ya masikio si kichekesho tu. Ndiyo kiini cha suala linalojadiliwa hapa. Swali la nani amwongoze mtu kuipata albamu mpya limezoeleka kuwa swali la imani: mhakiki ana ujuzi lakini ana majivuno na maslahi, msikilizaji hana ujuzi lakini hana sababu ya kudanganya. Swali hilo halina budi kutanguliwa na jingine, ambalo watunga sera wa lugha wana haki ya kuliuliza kuliko mtu mwingine yeyote: je, anayeitathmini albamu anaielewa lugha iliyomo?

2.0 Albamu zilizopitia Kampala

Singeli ni muziki wa uswahilini, wa mitaa ya Dar es Salaam kama Mburahati, Manzese na Tandale. Ulitokana na mchiriku na ukakomaa katika sherehe za kukesha ziitwazo vigodoro. Kabla Kampala haijaugusa ulikuwa tayari na nyota wake nyumbani, akina Msaga Sumu, Man Fongo na Sholo Mwamba, na wasikilizaji wake waliwajua bila kuelekezwa na gazeti lolote. Mwaka 2017 Nyege Nyege Tapes, lebo iliyoanzishwa Kampala na Derek Debru na Arlen Dilsizian, ilitoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso, uliotokana na kazi za studio ya Sisso huko Mburahati. Zikafuata Poaa ya Bamba Pana mwaka 2018, kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta na Uingizaji Hewa ya Duke mwaka 2019.

Albamu hizi zilipokelewa kwa shangwe na wahakiki wa Ulaya na Marekani. Ni haki kuanza na deni lao. Bila wahakiki hao, wasanii wa Mburahati wasingefika katika matamasha ya Ulaya, na mtu wa Berlin asingejua kwamba muziki huo upo. Kazi hiyo ya kuvusha mipaka msikilizaji wa Manzese asingeweza kuifanya, hata kama hukumu yake juu ya muziki wenyewe ilikuwa ya kwanza na iliyo sahihi zaidi. Anayewabeza wahakiki wa kigeni kwa jumla hajatazama ni nani aliyelipa nauli.

Lakini walisikia nini? Walisikia kasi. Mapigo ya singeli huvuka 200 kwa dakika, na idadi hiyo ilikaribia kuwa ndio uhakiki mzima: maandishi mengi juu ya albamu hizi huanza na kasi, huifananisha na muziki wa dansi wa kielektroniki wa Ulaya, na kumaliza na kasi. Sauti ya mghani hutajwa kama ala mojawapo, kitu kinachorusha cheche juu ya kinanda. Kwamba mghani huyo anasema jambo, kwamba anamtania jirani, anamlalamikia mwenye nyumba au anajisifu kwa namna ambayo mtaa mzima unaijua, hilo halikuandikwa kwa sababu halikusikika.

Majina ya albamu yenyewe yanatosha kuonyesha kilichopotea. Tatizo Pesa ni sentensi kamili isiyo na kitenzi, ya aina ambayo mtu huitoa akiwa amesimama mlangoni mikono mitupu. Kuirejesha katika sarufi ya darasani, “Tatizo ni pesa”, ni kuiondolea pumzi yake. Uingizaji Hewa ni jambo la ajabu zaidi. Hilo ni neno la mafundi wa majengo na maofisa wa afya, nomino ndefu ya kiofisi ambayo mwananchi hukutana nayo katika mwongozo wa ujenzi au bango la zahanati. Kuibandika juu ya muziki unaomkatisha mtu pumzi, uliotoka katika vyumba visivyo na nafasi, ni mzaha uliotungwa kwa makini. Mzaha huo humfikia tu yule aliyewahi kuisoma nomino hiyo mahali pake pa kawaida. Mhakiki asiyejua Kiswahili aliliona jina lenye sauti ya kupendeza, akapita.

Wahakiki hawastahili kulaumiwa peke yao. Lebo ilichagua. Vipande vingi vya Poaa havina maneno kabisa, na maelezo yanayoambatana na albamu za lebo hiyo kwa kawaida huandikwa kwa Kiingereza. Uteuzi wa aina hiyo unaeleweka kibiashara, kwani muziki usio na maneno husafiri bila mkalimani. Ila matokeo yake ni kwamba singeli inayojulikana nje si ile inayojulikana nyumbani. Nyumbani wimbo uliovuma sana mwaka 2016 ulikuwa Hainaga Ushemeji wa Man Fongo, na nusu ya nguvu yake imo katika silabi moja. Kiswahili sanifu hakina kiambishi cha mazoea -ga mwishoni mwa kitenzi. Kiswahili cha mitaani Tanzania Bara kinacho, na “hainaga” inadai jambo ambalo “haina” haiwezi kulidai, yaani kwamba hivyo ndivyo ilivyo siku zote na asiyejua ni mgeni. Inafaa kuongeza kwamba msikilizaji wa Kampala anayesema Kiganda ana -nga yake mwenyewe, ile ya kuonyesha lililokuwa likifanyika kwa mazoea, na huenda akaisogelea “hainaga” kwa urahisi kuliko mwanafunzi aliyejifunza Kiswahili katika kitabu tu.

3.0 Maneno bila mwendo

Ingetarajiwa kwamba uhakiki wa Kiswahili ungeziba pengo hilo. Haujaziba, na sababu yake ni ya kimalezi. Kizazi baada ya kizazi cha wahakiki wa Afrika Mashariki kimelelewa katika utaratibu wa fani na maudhui, uliojengeka tangu miaka ya 1970 na kuteremka hadi katika mitihani ya sekondari. Utaratibu huo una manufaa yake kwa riwaya na tamthilia. Unapohamishiwa katika wimbo, huugeuza kuwa hati: maneno hunukuliwa, dhamira huorodheshwa, tamathali huhesabiwa, na hitimisho huwa kwamba msanii ameisawiri jamii yake. Mtu anaweza kusoma kurasa kumi za uhakiki wa namna hiyo juu ya bongo fleva asijue kama wimbo ni wa taratibu au wa haraka, kama mwimbaji ni mwanamke au mwanamume, wala kama kuna mtu aliyewahi kuucheza.

Kasoro hiyo ni kubwa kuliko inavyokubaliwa katika mikutano ya taaluma hii. Katika singeli mwendo ndio unaoamua maneno. Mghani hana nafasi ya kumalizia sentensi. Hukata viambishi, hurudia kiini, huacha pigo limalizie maana. Kuyaandika maneno hayo kama shairi la mishororo minne, kisha kuyauliza yana ujumbe gani, ni kuyauliza swali la mtihani wa wenzao.

Kazi zilizofanywa vizuri zipo, ingawa nyingi zimeandikwa kwa Kiingereza. Kelly Askew, katika Performing the Nation (2002), aliichunguza taarabu ya Tanga akiwa ukumbini, na alichokigundua kinauhusu moja kwa moja mjadala huu. Katika taarabu msikilizaji humtunza mwimbaji: hunyanyuka katika kiti, huenda mbele akicheza na kumpa fedha. Hafanyi hivyo wakati wowote tu. Huinuka katika ubeti unaomhusu, au unaomhusu mtu aliyeketi meza ya tatu, na kila aliyemo ukumbini huona nani ameinuka katika neno gani. Huo ni uhakiki. Una hukumu, una ushahidi wa ndani ya matini, una gharama kwa anayeutoa, na hutolewa hadharani na mtu anayewajibika kwa alichokisema bila kufungua kinywa. Ni vigumu kuupata usahihi wa aina hiyo katika alama za Pitchfork, jarida la Marekani linaloipa albamu namba kuanzia 0.0 hadi 10. Na jarida lenyewe, lililohesabiwa kwa miaka mingi kuwa kilele cha uhakiki wa albamu, lilitangaziwa na wamiliki wake Januari 2024 kwamba litaunganishwa na jarida la mitindo ya wanaume.

Kuna msikilizaji mwingine ambaye hutajwa mara chache katika mjadala huu, naye ni serikali. Novemba 2018 Baraza la Sanaa la Taifa la Tanzania lilipiga marufuku Mwanza, wimbo wa Rayvanny na Diamond Platnumz uliochezea jina la Nyegezi, eneo la jiji la Mwanza. Ni lile lile neno lililokuwa limeitikisa Kampala miezi miwili kabla. Inasikitisha kukiri, lakini katika mwaka huo mdhibiti ndiye aliyekuwa msomaji makini kuliko wote: alisikia mzizi wa neno ndani ya jina la mahali, akatambua kwamba hadhira nayo imeusikia. Pale wahakiki wanapoacha kusikiliza maneno, kazi hiyo haibaki wazi. Huchukuliwa na mwenye mamlaka ya kufungia.

4.0 Hukumu ya neno moja

Msikilizaji wa Kiswahili hutumia maneno machache kuhukumu, na wasomi huyadharau kwa ufupi wake. Albamu ni “kali”. Msanii “amechemsha”. Wimbo “umetulia”. Neno hili la mwisho linastahili kusimamishwa kidogo. Mtu anaweza kuusikia wimbo wa singeli, wenye kasi ya kumvunja mchezaji magoti, akasema “imetulia hiyo”. Hajachanganyikiwa. Hausemei mwendo wa wimbo bali mpangilio wake: kila kitu kimekaa mahali pake, hakuna kinachogombana na kingine, aliyeutengeneza alijua anakokwenda. Katika silabi tano yamo madai ya kiumbuji ambayo mhakiki wa gazeti angeyatumia aya nzima, tena angeanza na kasi.

Udhaifu wa hukumu hiyo si ufupi. Udhaifu wake ni kwamba haina anwani. Anayeteremka kutoka lango la Chuo Kikuu cha Kyambogo kuelekea Banda hupita saluni, vituo vya bodaboda na vibanda ambako mtu hulipia kujaziwa nyimbo katika simu au diski ndogo. Mwenye kibanda anajua nini kimetolewa, nini kinaombwa na nini kimekataliwa baada ya siku mbili. Mteja akimtajia msanii mmoja, humwongezea watatu wanaofanana naye. Huyo ni mhakiki wa uvumbuzi kwa kila kigezo, isipokuwa kwamba akifunga kibanda hukumu zake zote huondoka naye. Tena wateja wake wengi hawakijui Kiswahili vizuri. Nyimbo za Jose Chameleone kama Jamila na Shida za Dunia ziliwafikia watu wa Kampala kwa redio na teksi, zikawafundisha msamiati ambao shule hazikuufundisha. Lakini walioipenda “shida” ya wimbo si lazima wawe wameusikia wimbo wote.

Sera za serikali nazo zimechangia kuifanya hukumu hiyo iwe ya kupita. Julai 2018 Uganda ilianza kutoza shilingi 200 kwa siku kwa kila aliyetaka kutumia mitandao ya kijamii. Julai 2021 tozo hiyo iliondolewa, ikaja kodi ya asilimia 12 juu ya vifurushi vya intaneti. Tozo hizo hazikubuniwa kwa kuufikiria muziki. Hata hivyo, mwanafunzi anayehesabu shilingi zake hatazitumia kuandika aya tatu juu ya albamu; atampelekea mwenzake wimbo na alama ya moto, basi. Wanaoshangaa kwa nini maoni ya wasikilizaji wa Uganda hayaonekani kwa wingi mtandaoni waanze kuuliza bei ya kuonekana.

Kwa hiyo, ukiulizwa nani ni mwongozo bora kwa mtu anayetaka kuipata albamu mpya ya Kiswahili akiwa Kampala, jibu la haki ni kwamba mwongozo wa kufaa ni msikilizaji wa Mburahati, ambaye hayupo. Wa pili ni mhakiki wa kigeni, ambaye yupo lakini amesikia nusu. Mhakiki wa Kiswahili aliyeko Uganda hajaajiriwa na mtu yeyote. Magazeti makubwa ya nchi huandika muziki kwa Kiingereza na Kiganda.

5.0 Kilima cha Kyambogo na kazi ya kunukuu

Chuo Kikuu cha Kyambogo, kilichoundwa mwaka 2003 kwa kuunganishwa taasisi tatu, huandaa walimu wa Kiswahili na pia walimu wa muziki. Kilima hicho kina historia ya kusikiliza. Katika miaka ya 1960 Peter Cooke, aliyekuwa akifundisha muziki katika Chuo cha Taifa cha Ualimu kilichokuwapo hapo, alianza kurekodi muziki wa Uganda, na rekodi zake zimehifadhiwa katika Maktaba ya Uingereza. Yapo mafunzo mawili hapo na yanavutana: kwamba sauti za Uganda zilihifadhiwa kwa uangalifu, na kwamba anayezitaka ameelekezwa London.

Albamu za singeli ziko katika hatari ya namna hiyo hiyo, ila upande wa maneno. Sauti zenyewe zimehifadhika. Zinauzwa, zinasikilizwa, hazitapotea kesho. Maandishi yanayozizunguka ndiyo ya Kiingereza peke yake. Mtafiti wa mwaka 2045 atazikuta albamu za Kiswahili zilizotolewa katika mji mkuu wa nchi ambayo Kiswahili ni lugha yake rasmi, akute zimejadiliwa kwa lugha nyingine na watu ambao hawakuyaelewa maneno, na wale walioyaelewa watakuwa wameyasahau. Mzaha wa mtaani haudumu miaka 20. Majina ya baa, ya madalali na ya wapenzi yanayotajwa katika nyimbo hizi tayari yanaanza kuhitaji maelezo.

Washauri wa sera wanaoshughulikia utekelezaji wa uamuzi wa 2022 wamejishughulisha na walimu na vitabu, na ni sawa, kwani upungufu wa vyote viwili ni mkubwa. Lakini kunukuu albamu moja hakuhitaji bajeti ya wizara. Kunahitaji mwanafunzi wa Kiswahili na mwanafunzi wa muziki wakae pamoja, kitu ambacho ratiba za vyuo hazikiruhusu kirahisi, na kunahitaji mtu wa Dar es Salaam wa kuwasahihisha, anayelipwa kwa kazi hiyo kama mtaalamu. Kwa mwendo wa mapigo zaidi ya 200 kwa dakika, hata msemaji mzawa hayapati maneno yote mara ya kwanza. Mara nyingine aliyeghani mwenyewe ndiye pekee anayeweza kusema alichoghani, na mara nyingine naye hucheka akasema hakumbuki. Basi nafasi hiyo iachwe wazi katika unukuzi na iandikwe kwamba ni wazi.

Na asisahihishwe. Kishawishi cha mwalimu aliyefuzu vizuri kitakuwa kuiandika “hainaga” kama “haina”, kuiongezea Tatizo Pesa kitenzi chake, na kuvikamilisha viambishi ambavyo mghani alivikata kwa sababu pigo lilikuwa limeshafika. Unukuzi wa namna hiyo utapata alama nzuri chuoni. Atakayeusoma baadaye akiwa na albamu masikioni ataona kwamba haukuandikwa na mtu aliyekuwa anasikiliza.